Kuifaidi vuli kabla giza halijakuwahi

Kwanza neno lenyewe tuliweke sawa, maana najua mtu akisikia vuli anawaza zile mvua fupi za mwisho wa mwaka. Siongelei mvua. Naongelea ule msimu wa nchi zenye misimu minne, majani yanabadilika rangi alafu yanapukutika yote mti unabaki mifupa, kamusi nazo zinauita vuli na mi sina neno lingine zuri zaidi kwa hiyo twende nalo hilo hilo. Nusu ya kaskazini ya dunia inakuwa Septemba mpaka Novemba, kusini ni Machi mpaka Mei. Miezi nitakayotaja hapa mingi ni ya kaskazini, we uliye kusini jiongezee miezi sita tu.

Sasa, watu wanaoingia kwenye huu msimu mara ya kwanza wanajiandaa na baridi. Wananunua jaketi zito, soksi, kofia, wamemaliza. Baridi ya vuli mbona ya kawaida, ukivaa inaisha. Kinachokuibia msimu ni mwanga. Tarehe 22 au 23 Septemba mchana na usiku vinakaribia kulingana, baada ya hapo usiku unaula mchana kidogo kidogo, mfano mji ulioko juu kule kama London unapoteza karibu dakika 4 kila siku, wiki moja tu imeshafika nusu saa. Afu unapigwa pigo la pili, saa zinarudishwa nyuma lisaa lizima, Ulaya wanafanya Jumapili ya mwisho ya Oktoba na sehemu kubwa ya Marekani Jumapili ya kwanza ya Novemba. Ijumaa ulitoka kazini bado unakiona kivuli chako, Jumatatu unatoka muda ule ule ni usiku.

Kwa hiyo karibu kila ninachosema hapa chini kinaanzia hapo: vya nje vifanye mapema kukiwa na mwanga, vya ndani visubiri giza, giza lipo tu haliendi popote. Mimi mwaka wa kwanza nilifanya kinyume kabisa, wikiendi za Oktoba zote nilikuwa napanga kabati na kusugua jiko, nikasema majani nitayaona wiki ijayo, wiki ijayo ikaja na upepo wa usiku mmoja, naamka asubuhi miti imenyolewa.

Kuyawahi majani

Ukielewa kwanini jani linabadilika rangi hutakuwa unabahatisha siku ya kutoka. Jani ni kijani kwa sababu ya klorofili, na mti unaitengeneza upya muda wote wa kiangazi, yaani ule msimu wa joto unaotangulia vuli. Siku zikianza kufupika mti unajua msimu wa kazi unaisha, unaacha kutengeneza, ile iliyopo inavunjika na kupotea, hapo ndo inajitokeza njano na rangi ya chungwa ambayo kumbe ilikuwa humo humo siku zote imefunikwa tu. Hizo ni karotenoidi, jamii ileile inayoipa karoti rangi yake. Nyekundu ni habari nyingine. Hiyo haikuwepo, inatengenezwa vuli yenyewe kutokana na sukari iliyobaki kwenye jani, inaitwa anthosianini. Ndo maana njano unaipata karibu kila mwaka ila nyekundu inategemea na hali ya hewa: ikitokea wiki ya mchana wenye jua na usiku wa baridi isiyogandisha, miti ya mepo inawaka kama imepakwa rangi, na yakiwa mawingu mfululizo nyekundu inapooza. Kiangazi kikiwa kikavu sana majani yanaweza kuanguka mapema kabla hata hayajapendeza. Na ikipiga baridi ya kugandisha mapema mno, yanakauka kahawia na habari imeisha.

So unapoangalia utabiri usiangalie tu siku ya safari, angalia siku saba nane za kabla yake. Jua mchana, baridi kidogo usiku, hakuna upepo mkubwa unaokuja? Omba ruhusa kazini, nenda. Ukiona utabiri unasema upepo mkali kesho kutwa, basi nenda kesho, usisubiri Jumamosi.

Kitu cha pili ni kwamba rangi haitokei sehemu zote kwa mpigo. Inaanza kwenye baridi, yaani kaskazini na milimani, afu inashuka. Japani wanaifuatilia inavyoteremka kama vile watu wanavyofuatilia mvua, inaanza milima ya Hokkaido katikati ya Septemba na Kyoto inafika kileleni kuanzia katikati ya Novemba kwenda mwishoni. Miezi miwili yote hiyo ndani ya nchi moja. Marekani kuna barabara inaitwa Blue Ridge Parkway, ina kilomita kama 755 kupita juu ya milima ya Virginia na North Carolina, huko juu kabisa rangi inakuja mwanzoni mwa Oktoba na chini mabondeni inasubiri mpaka mwisho wa Oktoba au hata Novemba ikianza. Maana yake ukichelewa juu, shuka. Ukiwahi sana chini, panda. Hii kanuni inafanya kazi hata kama mlima wako ni kilima cha nyuma ya mji, tofauti ya mita mia tatu nne unaiona kwa macho.

Kaskazini mashariki mwa Marekani ndo wana jina kubwa zaidi kwa haya mambo, Vermont na New Hampshire, mwisho wa Septemba mpaka katikati ya Oktoba hivi, na pale New Hampshire ipo Kancamagus Highway, kilomita kama 55 tu, unaweza kuimaliza kwa gari ndani ya saa moja ila ukifanya hivo umepoteza hela ya mafuta, ile njia ni ya kusimama simama. Utah nako kuna kitu cha ajabu, msitu wa aspeni unaoitwa Pando, una mashina kama 47,000 kwenye hekta 43 hivi lakini yote ni mti mmoja, mizizi ni ile ile moja chini kwa chini, na vuli ikifika unageuka njano. Kusini mwa dunia kuna Arrowtown kule New Zealand na misitu ya miti inayoitwa lenga kule Patagonia inakuwa myekundu, huko ni Aprili.

Ila sikushauri uanze na safari kubwa. Tafuta njia moja karibu na unapoishi, ya kutembea nusu saa, na uipite kila wiki ile ile, mara sita saba. Utaona vitu ambavyo mtalii wa siku moja havioni, mti upi ulitangulia, upi umegoma. Ginko ndo mti wangu, unakaa wa njano kabisa siku kadhaa afu unaweza kuangusha karibu majani yote kwa siku moja, ukibahatika kuwa chini yake ni kama mvua ya kitu kikavu. Mialoni mingine haina haraka, inashikilia majani yake ya kahawia mpaka katikati ya baridi kali. Na ukidhani umechelewa kila kitu, ulizia lachi, ni mti wa jamii ya misonobari ila wenyewe unageuka dhahabu na kupukutisha sindano zake, mara nyingi baada ya wengine kumaliza.

Saa ya kwenda ni asubuhi mapema au masaa mawili kabla jua halijazama, jua likiwa chini. Simama jua likiwa upande wa pili wa jani, yaani mwanga upite ndani ya jani ndo ukufikie wewe, rangi inabadilika kabisa ukilinganisha na mwanga unaotoka mgongoni kwako. Siku ya mawingu pia usiidharau, ndani ya msitu inakuwa nzuri kuliko jua kwa sababu hamna mabaka ya kivuli, na baada ya mvua magome yanakuwa meusi majani yanang'aa juu yake. Kwa picha za simu gusa kwenye jani lenye mwanga afu shusha mwanga kidogo, simu nyingi zinapenda kufanya picha iwe nyeupe kupita kiasi na nyekundu yote inapotea. Maji yaliyotulia asubuhi kabla upepo haujaanza, ziwa au hata dimbwi, yanakupa miti miwili kwa bei ya mmoja.

Mambo ya usalama nayapitia haraka ila usiyaruke. Majani yaliyolowa yanateleza kama sabuni, iwe unatembea au unaendesha. Kulungu wanahangaika sana barabarani miezi hii hasa jioni na alfajiri, punguza mwendo, na akivuka mmoja subiri maana anayefuata yuko nyuma. Sehemu nyingine msimu wa uwindaji unakuwa umefunguliwa, vaa kitu cha rangi kali. Kupe bado wapo mpaka baridi ikaze, jikague ukirudi. Na uyoga, jamani uyoga. Vuli ndo wakati wake na unapendeza kweli, angalia, piga picha, uache hapo hapo. Kuna mmoja jina lake la kisayansi Amanita phalloides, sumu yake haiondoki kwa kupikwa na dalili zinaweza kuchelewa masaa sita, kumi na mbili au zaidi, wakati huo ini limeshaanza kuumia. Programu ya simu ya kutambua uyoga isikudanganye, kama huna mtu anayeujua kweli kweli usile.

Vaa nguo nyepesi nyingi badala ya nguo moja nzito, ukipanda utatokwa jasho ukisimama utagandishwa, na ile ya ndani kabisa isiwe pamba maana ikilowa jasho inabaki imelowa. Chukua chupa ya chai. Chukua tochi hata kama unaenda saa nane mchana, hili nalisema kwa uchungu, niliwahi kuingia msituni saa tisa nikajua nina masaa matatu, saa kumi na moja kasoro siioni njia, simu ina asilimia tisa na baridi ikaimaliza pale pale. Betri za simu hazipendi baridi, simu iweke mfuko wa ndani karibu na mwili. Na kabla hujatoka nyumbani angalia jua linazama saa ngapi siku hiyo, usitumie kumbukumbu ya wiki mbili zilizopita.

Bustani, asubuhi kabla ya kitu kingine

Bustani vuli inawachanganya watu, wanadhani ni wakati wa kufunga. Nusu ni kufunga nusu ni kuanza. Udongo bado una joto la kiangazi na mvua imerudi, kwa hiyo mti au kichaka ukikipanda sasa kinapata muda wa kushika mizizi kabla ya baridi kali, utakapokuja mwezi wa tano kitakuwa mbele ya kile utakachopanda mwezi wa tano.

Halafu kuna vitunguu vya maua, dafodili, tulipu na wenzao, hivi ndo raha ya bustani ya vuli kwa maoni yangu. Vinafanana na vitunguu vya jikoni, unavifukia sasa, vinahitaji baridi ili vitoe maua masika, yaani ule msimu unaofuata baada ya baridi kali. Dafodili zianze Septemba au Oktoba. Tulipu ziache kwanza mpaka Novemba, udongo ukipoa unapunguza ugonjwa mmoja wa fangasi unaozishambulia. Kina chake ni mara mbili mpaka tatu ya urefu wa kitunguu chenyewe, ncha juu, na wala usilie ukigundua umevigeuza, vingi vitajitafutia njia. Kindi watakuja kufukua tulipu siku hiyo hiyo, funika na wavu wa kuku mpaka viote. Dafodili hawazigusi kwa sababu zina sumu. Kitunguu saumu nacho kipandwe sasa, punje moja moja, kisipopata wiki kadhaa za baridi kinaweza kikatoka donge moja lisilogawanyika.

Majani yaliyoanguka ndo yanawachosha watu, kila wikiendi reki na toroli. Punguza hiyo kazi. Kwenye nyasi ndo yaondoe, maana yakilala mazito na yakalowa nyasi zinakosa hewa na mwanga, ila yakiwa machache pita tu na mashine ya kukata nyasi, yanasagika na kurudi kwenye udongo. Kwenye njia unapopita yaondoe. Kwenye bwawa dogo la samaki tandaza wavu juu. Chini ya miti na vichaka yaache hapo hapo, ni matandazo ya bure na wadudu wengi wanalala humo baridi yote. Yale uliyokusanya usiyachome na usiyatupe, yajaze kwenye mfuko mkubwa uliotobolewa tobolewa au kizimba cha waya, yamwagie maji, yasahau. Mwaka mmoja mpaka miwili unapata mboji nyeusi laini inayonukia msitu. Kama ni lazima uchome rundo la matawi, lihamishe kwanza siku hiyo hiyo ya kuchoma, kalunguyeye na vyura wanapenda kuhamia mle ndani.

Na usikate kila kitu. Hii ni hulka ya watu wasafi, wanaona shina kavu wanalifyeka. Vichwa vya maua vilivyokauka vina mbegu ndege wanakula, mashina yenye tundu ndani ni nyumba za wadudu, na asubuhi ya umande ulioganda hivyo vikavu ndo vinapendeza kuliko chochote. Dalia ni tofauti, subiri baridi ya kwanza iunguze majani yawe meusi, kata bakiza shina kama sentimita kumi au kumi na tano, chimbua viazi vyake kama kwenu ardhi inaganda, vikaushe na uvihifadhi pakavu pasipoganda. Mimea ya joto iliyoko kwenye vyungu iingize ndani kabla usiku haujafika nyuzi 10, chungulia chini ya majani kwanza usije ukaingiza wadudu mpaka sebuleni. Mpira wa maji umwage maji yote, na bomba la nje lifunge kwa ndani, maji yakiganda kwenye bomba yanapasua.

Kama kuna watoto, lile rundo la majani kabla halijaingia mfukoni ni lao. Pitisha reki humo kwanza uhakikishe hamna fimbo wala zawadi ya mbwa, afu waruke. Watu wazima pia wanaruhusiwa, sijaona sheria.

Ndani, giza likishaingia

Hapa sitakaa sana. Taa kubwa ya darini izime jioni, weka taa ndogo mbili tatu chini chini za mwanga wa njano, kwenye boksi la balbu tafuta palipoandikwa 2700 K, chumba kile kile kinabadilika. Mchana fanya kinyume, sogeza meza au kiti chako dirishani na safisha vioo, na jilazimishe kutoka nje asubuhi hata dakika ishirini, mwanga wa nje hata wa siku ya mawingu ni mkali mara nyingi kuliko wa ndani. Wengine vuli inawabana kichwani kweli, usingizi mwingi, huzuni isiyoisha, hiyo usiivumilie ukidhani ni uvivu, mwone daktari, zipo mpaka taa maalumu za kukaa mbele yake asubuhi.

Hita zijaribu Septemba, usisubiri siku ya baridi ya kwanza ambayo kila fundi ana simu mia. Ile ya maji ya moto ikiwa moto chini na baridi juu kuna hewa imenaswa, itoe kwa ufunguo wake mdogo. Kama una bomba la moshi lifagiliwe, na weka kifaa cha kugundua kaboni monoksaidi, gesi ile haina harufu. Jiko la mkaa usiingize ndani kujipashia joto, hata dirisha likiwa wazi. Ziba mianya chini ya milango, ila kila siku fungua madirisha wazi kabisa dakika tano au kumi afu funga, nyumba iliyofungwa mwezi mzima na nguo zinaanikwa ndani inaota kuvu nyuma ya kabati.

Majani uliyookota safarini yaweke katikati ya karatasi ndani ya kitabu kizito wiki moja au mbili. Ukitaka yakae na rangi zaidi, yeyusha nta ya nyuki kwenye bakuli lililokaa juu ya maji ya moto, chovya jani, kung'uta, tundika.

Na hizo jioni ukiwa unapanga kabati, sasa ndo muda wake halali, ukikutana na mfuko wa tulipu ulionunua Septemba ukausahau, usitupe. Bonyeza kimoja kimoja, vilivyolainika achana navyo, vile vigumu vifukie tu hata Desemba, ili mradi udongo bado unachimbika.